Bokashi ya nyumbani: mabaki ya jikoni yawe mbolea, bila funza wala harufu ya jalala

Bokashi ni njia ya kuchachusha mabaki ya jikoni ndani ya ndoo iliyofungwa, kisha kuyazika yawe mbolea. Maswali kuhusu njia hii ni yaleyale kila mara. Je, inanuka? Nyama na samaki vinaruhusiwa? Nimepanga chumba, sina kiwanja, nitaweza? Chachu yake inauzwa wapi? Nimeona niandike yote mahali pamoja, tangu mwanzo, ili anayeanza leo aweze kufuata hatua kwa hatua bila kumsumbua mtu.

Majibu mafupi kwanza. Ikifanywa sawasawa, bokashi haivundi. Ina harufu ya uchachu, nayo huisikii mpaka ufungue mfuniko. Samaki, nyama, ugali, wali uliolala, vyote vinaingia, na hapo ndipo inapoishinda mboji ya kawaida, ambayo ukiitilia utumbo wa samaki unawaalika panya wa mtaa mzima. Chumba kimoja kinatosha. Na chachu huna haja ya kuinunua, kwa sababu utaitengeneza kwa maji ya kuoshea mchele na maziwa, kisha utaichanganya na pumba na molasi (maji mazito meusi yanayobaki sukari inapotengenezwa).

Kinachofanyika ndani ya ndoo ni hiki. Chakula kikiachwa wazi, inzi na bakteria wa kuozesha hukiwahi. Sisi tunawatanguliza bakteria wa asidi ya laktiki, jamii ileile inayogandisha maziwa yakawa mtindi, kisha tunafunga hewa nje. Bakteria hao hula sukari na wanga na kutoa asidi. pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) ikifika chini ya 4, bakteria wa kuozesha hawana nafasi ya kuzaliana. Njia hii imetoka Japani, na aliyeieneza sana duniani tangu miaka ya 1980 ni Profesa Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, Okinawa, kwa mchanganyiko wake wa vijidudu uitwao EM (kifupi cha Effective Microorganisms). Mchanganyiko huo ni mzuri lakini una bei. Chachu ya mchele na maziwa, inayotumiwa sana na wakulima wa kilimo asilia wa Korea, inafanya kazi hii vizuri.

Nadharia inaishia hapo. Shika jambo moja tu: maadui wa kazi hii ni hewa na maji ya ziada. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo limetokana na kimojawapo.

Andaa kwanza

- Mchele kikombe kimoja (utaupika kama kawaida, tunachotaka ni maji yake)
- Maziwa fresh lita moja, yasiyo na sukari wala ladha
- Pumba laini za mahindi, ngano au mpunga, kilo 5. Zinapatikana mashineni au kwenye maduka ya vyakula vya mifugo. Kwa mpunga, chukua zile laini kama unga, usichukue makapi magumu.
- Molasi nusu lita, kutoka duka hilohilo la vyakula vya mifugo. Ukiikosa, sukari guru iliyoyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu itafaa.
- Ndoo mbili za lita 20 zinazoingiliana, na mfuniko mmoja unaobana kwelikweli. Zilizokuwa za mafuta ya kula ni bora kuliko za rangi ya ukuta. Kama ni za rangi, ziwe za rangi ya maji, na zisuguliwe mpaka zitakate.
- Mfuko mgumu wa plastiki usio na tundu, chupa mbili za mdomo mpana, kitambaa safi cha kuchujia
- Maji yasiyo na klorini. Ya mvua au ya kisima yanafaa. Ya bomba yaweke kwenye beseni wazi usiku mzima, maana klorini iliyowekwa kuua vijidudu haibagui wabaya na wazuri.

Jipange kwa muda pia. Chachu huchukua kama wiki moja, pumba wiki mbili. Kwa hiyo usianze kukusanya maganda leo. Anza na mchele.

Sehemu ya kwanza: chachu

1. Osha mchele kwa maji kidogo, kama vikombe viwili, na uyahifadhi yale maji meupe ya mwanzo. Yamimine kwenye chupa ya mdomo mpana hadi nusu, funika kwa kitambaa na ufunge kwa uzi au raba. Mfuniko usiweke. Weka kivulini, mahali pasiposogezwasogezwa. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa siku mbili hadi tatu zinatosha. Kwa Njombe, Lushoto au Limuru subiri hadi siku tano, hata wiki. Yakiwa tayari utayanusa uchachu mwepesi, na utaona tabaka tatu: utando juu, maji mepesi katikati, wanga mweupe chini.

2. Chota yale maji ya katikati tu, kwa sindano isiyo na ncha au kwa mrija. Changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu kumi za maziwa. Kwa lita moja ya maziwa, weka mililita 100. Kama maziwa yamechemshwa, yawe yamepoa kabisa. Funika tena kwa kitambaa, uache siku tatu hadi tano, au hadi wiki kwenye baridi. Usikoroge.

Hapa watu wengi hushtuka. Maziwa yatakatika: donge jeupe litapanda juu, na chini patabaki maji ya rangi ya manjano iliyofifia. Hayajaharibika, ndiyo kazi yenyewe hiyo.

3. Toa donge la juu, wape kuku au lichanganye na mboji. Yale maji ya manjano yachuje kwa kitambaa. Hiyo ndiyo chachu yako. Kwenye friji hukaa miezi kadhaa. Bila friji, ichanganye na molasi kwa kiasi sawa, uweke kwenye chupa yenye nafasi juu, na ulegeze kifuniko siku za mwanzo kwa sababu hutoa gesi. Chupa ya glasi iliyokazwa inaweza kupasuka. Andika juu yake ni nini, na uiweke mbali na watoto. Si ya kunywa.

Sehemu ya pili: pumba zenye bakteria

Kwenye hatua hii usiwe na haraka. Pumba zikitoka vizuri, ndoo haitakusumbua. Zikitoka vibaya, utakuja kusema bokashi ni uongo.

4. Kwenye ndoo ndogo changanya maji lita 1.5, chachu mililita 100 na molasi mililita 100. Koroga mpaka molasi iyeyuke yote. Kama chachu yako umeshaichanganya na molasi, weka mililita 200 za mchanganyiko huo.

5. Mwaga pumba kilo 5 kwenye beseni pana. Nyunyiza yale maji kidogokidogo huku ukichanganya kwa mikono, ukiyafikicha madonge katikati ya viganja. Usimwage yote kwa mkupuo. Kila baada ya muda fanya jaribio: shika konzi moja, ibane kwa nguvu. Kama pumba zimeshikana zikawa donge, hakuna tone linalochuruzika kati ya vidole, na donge linavunjika ukiligusa kwa kidole gumba, acha hapo hata kama maji yamebaki. Zikimong'onyoka kabla hujaligusa, ongeza kidogo. Maji yakichuruzika, umezidisha, na dawa yake ni pumba kavu.

6. Shindilia pumba kwenye mfuko wa plastiki, tabaka kwa tabaka, ukikandamiza kwa ngumi ili hewa itoke. Kamua hewa iliyobaki, funga mdomo kwa kamba mara mbili, kisha tumbukiza mfuko kwenye ndoo yenye mfuniko. Acha wiki mbili kivulini. Usifungue kuchungulia. Kila ukifungua unaingiza hewa.

7. Baada ya wiki mbili fungua. Zinatakiwa zinukie tamu na chachu kwa pamoja, harufu iliyo karibu na togwa. Utando mweupe juu ni dalili njema. Zianike kivulini juu ya turubai mpaka zikauke kabisa, uzigeuzegeuze. Jua kali linaua bakteria uliowalea wiki tatu. Zikishakauka, weka kwenye chombo kisichoingiza unyevu, na zitakufaa kwa miezi mingi.

Kama pumba ni shida unapoishi, magazeti yaliyolowekwa kwenye mchanganyiko huohuo, yakakamuliwa, yakafungwa bila hewa wiki mbili na kukaushwa, nayo hufanya kazi. Pumba ni bora zaidi, lakini gazeti lisikukwamishe.

Sehemu ya tatu: ndoo

8. Toboa kitako cha ndoo moja matundu kama 20 kwa msumari uliopashwa moto, kila tundu upana wa milimita 4 hivi. Itumbukize ndani ya ile nyingine. Ya juu hupokea chakula, ya chini hukinga maji. Ukiweza kufunga koki kwenye ndoo ya chini, vizuri. Usipoweza, utakuwa unainua ya juu na kumwaga. Hakikisha mahali ndoo zinapokutana pamebana. Kama pana mwanya, zungushia utepe mpana wa plastiki au mpira wa tyubu ya baiskeli.

9. Tandaza konzi mbili za pumba kwenye kitako cha ndoo ya juu. Sasa unaweza kuanza kuweka mabaki.

Kata vitu viwe vidogo, vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Maganda ya ndizi na ya embe, makoko, kiporo cha wali, vichwa vya dagaa, maganda ya mayai, majani ya chai, vyote vinafaa. Chuja mchuzi kwanza. Mifupa mikubwa itaingia na itatoka ilivyo, kwa hiyo afadhali uiache nje. Usiweke mafuta ya kukaangia, maziwa ya maji, wala chakula ambacho tayari kina ukungu wa kijani. Jivu usiweke kamwe. Wengi wamezoea kumwagia jivu kwenye taka ili kuzuia harufu, lakini jivu huua asidi, na asidi ndiyo mlinzi wetu humu.

Kila tabaka la sentimita 3 au 4, nyunyiza konzi moja ya pumba. Kama kuna samaki au nyama, weka konzi mbili. Kandamiza kwa sahani au kwa ubao ili hewa itoke, tandaza mfuko wa plastiki juu ya mabaki, kisha funga mfuniko mpaka ulie. Fungua mara moja tu kwa siku: mchana kutwa weka mabaki kwenye bakuli lenye kifuniko, jioni uyatie yote kwa pamoja. Kama kuna ushauri mmoja utakaouchukua kutoka ukurasa huu mzima, uwe huo.

Ndoo ikae jikoni chini ya meza au kibarazani penye kivuli, isipigwe jua.

10. Kila siku ya pili au ya tatu, mwaga maji yaliyokusanyika chini. Rangi yake hutegemea ulichoweka, na harufu yake ni kali ya siki. Usiyamwage kwenye mimea yalivyo, yataiunguza mizizi. Changanya vijiko viwili vya chai (mililita 10) kwa lita moja ya maji, umwagilie udongo, si majani, mara moja kwa wiki. Miche michanga iache kwanza. Yatumie siku hiyohiyo, kwa sababu yakikaa wazi yanavunda. Kama huna mmea, mimina bila kuchanganya kwenye bomba la sinki au choo cha shimo wakati wa usiku. Husaidia kupunguza harufu.

11. Ndoo ikijaa, tandaza pumba nyingi juu, kandamiza, funga, andika tarehe kwenye mfuniko na uiache wiki mbili. Sehemu za baridi iache wiki tatu hadi nne. Endelea kutoa maji ya chini. Ndiyo maana wenye familia kubwa hufaa kuwa na jozi ya pili ya ndoo: moja inachacha, nyingine inajazwa.

Sehemu ya nne: udongo

Ukifungua baada ya wiki mbili utashangaa. Ganda la ndizi bado ni ganda la ndizi, limelegea tu na kubadilika rangi, na vipande vya viazi vina umbo lake. Usidhani umeshindwa. Humo ndani chakula kimechachuka, hakijaoza. Kitageuka udongo kikikutana na udongo, na hapo kitakwenda kwa kasi.

12. Mwenye kiwanja: chimba mtaro wa sentimita 30, mimina bokashi, uichanganye na udongo kwa jembe, kisha ifukie kwa udongo wa sentimita 15 hadi 20 juu. Kama kuna mbwa au kuku, weka bati au matawi ya miiba juu. Kuku wakiinusa hawalali. Subiri wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda, na kwenye baridi hadi wiki nne. Usifukie karibu na shina la mmea uliopo, acha angalau hatua moja.

Aliyepanga chumba: chukua gunia la kilo 50 au beseni kuukuu lenye matundu. Weka udongo mkavu wa sentimita 10 chini. Changanya bokashi na udongo kwa kiasi sawa, weka katikati. Funika kwa udongo mwingine wa sentimita 10, kisha turubai ili mvua isiingie. Udongo uliochoka wa makopo ya mwaka jana ndio hasa unaohitaji tiba hii. Baada ya wiki tatu au nne koroga uone. Ukikuta udongo mweusi wenye harufu ya mvua ya kwanza, umekamilika. Ukiona bado vipande vya chakula, funika tena kwa wiki moja. Kisha changanya sehemu moja ya udongo huu na sehemu mbili za udongo wa kawaida, upande mchicha, sukuma wiki, matembele au pilipili kwenye magunia yako.

Mambo yakienda mrama

*Ndoo inanuka mayai viza au mzoga.* Hewa imeingia, maji yamejaa chini, au pumba hazikutosha. Mwaga maji, nyunyiza konzi tatu za pumba na kijiko cha sukari, kandamiza, funga, usiguse siku tano. Ikiendelea kunuka, izike kwenye shimo la sentimita 40 mbali na nyumba na uanze upya. Udongo utaimaliza.

*Kuna ukungu.* Mweupe ni rafiki, uache. Wa kijani au mweusi kama ni doa dogo, toa sehemu hiyo na uongeze pumba. Ukienea ndoo nzima, izike kama hapo juu.

*Kuna funza.* Inzi alitaga mayai kwenye mabaki kabla hayajaingia ndooni, au mfuniko una mwanya. Funika bakuli la jikoni, bana mfuniko, ongeza pumba. Wanapunguka asidi inapopanda.

*Sisimizi wamevamia.* Simamisha ndoo ndani ya karai lenye maji kidogo.

*Hakuna maji yanayotoka.* Si tatizo. Nyumba inayokula ugali na makande itatoa maji machache kuliko ya wapenda matunda.

*Maji ya mchele yametoa rangi ya pinki au harufu ya kuchefua.* Mwaga, osha chupa kwa maji ya moto, anza tena.

*Maziwa hayakukatika.* Kama ni baridi, ngoja. Kama wiki imepita, badilisha maziwa. Yaliyotiwa maji mengi hukatika vibaya, na ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki siku za karibuni huua bakteria wako. Muulize muuza maziwa.

*Pumba zimepata joto ndani ya mfuko au zina ukungu wa kijani.* Mfuko ulikuwa na hewa au unyevu ulizidi. Usizitie kwenye ndoo. Zipeleke kwenye mboji.

*Mimea imegeuka manjano baada ya kupandwa.* Umepanda mapema, udongo bado una asidi. Hamisha miche kama inawezekana, chimbuachimbua udongo upate hewa, ngoja wiki mbili.

*Masika, shimo la bokashi linanuka.* Udongo wa mfinyanzi umejaa maji. Kipindi cha mvua kubwa tumia njia ya gunia chini ya paa, au fukia kwenye tuta lililoinuliwa badala ya shimo.

*Nikiwa na kidonda mkononi?* Vaa glovu wakati wa kuchanganya pumba na wakati wa kuzika, na nawa kwa sabuni kila mara hata kama huna kidonda.

Pumba za kilo 5 hutosha ndoo kadhaa za mabaki. Zikibaki robo, anza kuchanganya nyingine, kwa kuwa zinahitaji wiki mbili kabla hazijatumika. Chachu uliyoihifadhi na molasi ndiyo utakayoitumia, na kila unapokaribia kuimaliza, osha mchele wa chakula cha jioni na uweke maji yake pembeni.